Utabiri wa Matokeo Ambao Mwalimu Anaweza Kubishana Nao

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, katika shule ya kata wilayani Chamwino, alikosa siku 14 za muhula wa kwanza. Daftari la mahudhurio halikusema zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa mwalimu wake wa darasa na wa hisabati, nikamwita mzazi, maneno ya kukemea utoro yakiwa tayari mdomoni. Baba yake alifika na baiskeli, tukasalimiana, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, siku tisa kati ya hizo korongo lilikuwa limejaa. Ningemwambia avuke?"

Anayeifahamu Dodoma hahitaji kuelezwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikinyesha zinanyesha kwa hasira. Korongo ambalo mwezi wa kumi watoto wanachezea mpira kwenye mchanga wake, mwezi wa pili linaweza kubeba ng'ombe mzima.

Nimelikumbuka korongo lile mara nyingi tangu nilipoanza kujifunza jinsi kompyuta inavyotabiri matokeo ya wanafunzi. Siku hizi akili mnemba inazungumzwa hadi kwenye ofisi za walimu, na watu wakisikia kuna programu ya kutabiri nani atafeli, huuliza kwanza inapatia kwa asilimia ngapi. Mimi huuliza kama inaweza kunionyesha njia iliyopita hadi ikafika kwenye jibu, maana njiani humo ndimo lilimo korongo.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu hakuna ramli ndani yake. Chukua wanafunzi waliomaliza kidato cha nne miaka michache iliyopita. Kwa kila mmoja unazo alama zake za kidato cha pili, mahudhurio yake, kama aliwahi kukariri darasa, na umbali wa nyumbani kwao. Unajua pia alichopata mwishoni. Kompyuta inapewa jedwali hilo itafute taarifa gani za mwanzo ziliambatana na matokeo gani ya mwisho. Inachokipata inakifupisha kuwa kanuni, na kanuni hiyo ndiyo tunayoiita modeli. Baadaye inajaribiwa kwa wanafunzi wengine ambao matokeo yao yanajulikana ila imefichwa isiyaone. Hatua hii ni ya lazima. Kuipima modeli kwa wanafunzi wale wale iliojifunzia ni sawa na kumtungia mwanafunzi mtihani wa maswali uliyomfanyia ubaoni jana yake.

Mwaka 2008 Paulo Cortez na Alice Silva wa Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, walichapisha utafiti wa namna hii uliohusu shule mbili za sekondari nchini mwao. Walikuwa na rekodi 395 za somo la hisabati na 649 za somo la Kireno. Walikusanya mambo mengi: umri, elimu ya wazazi, muda wa safari ya kwenda shule, siku za kutohudhuria, hata unywaji wa pombe. Data hizo ziko wazi, na mpaka leo wanaojifunza fani hii hupita humo. Matokeo yao mwalimu yeyote angeyakisia: alama za vipindi viwili vya mwanzo vya mwaka ndizo zilizotabiri alama ya mwisho kuliko kitu kingine chochote. Ukiziondoa, utabiri unadhoofika sana.

Mwalimu atasema, hilo nalijua bila kompyuta. Ni kweli, na ndipo ugumu unapoanzia. Ukisubiri mpaka mtihani wa moko, utabiri wako utakuwa mzuri sana na hautamsaidia mtu, kwa kuwa muda wa kusaidia umekwisha. Ukitabiri kidato cha kwanza mwezi wa tatu, muda unao wa kutosha lakini taarifa ulizonazo ni chache, na utakosea mara nyingi. Kwa maoni yangu, utabiri wa mapema wenye makosa ni bora kuliko wa kuchelewa ulio sahihi, kwa sharti moja: mwalimu aweze kuyaona makosa hayo na kuyasahihisha. Sharti hilo ndilo linalotuleta kwenye modeli zinazosomeka.

Modeli inayosomeka ni ile ambayo mtu anaweza kuifuata kwa kidole tangu mwanzo hadi jibu. Iliyo rahisi kuieleza ni mti wa maamuzi. Unaanzia juu kwa swali moja: je, alama ya Kiingereza katika mtihani wa muhula wa kwanza iko chini ya 30? Ndiyo, unashuka kushoto. Hapana, unashuka kulia. Kila tawi lina swali lake, na mwisho wa tawi kuna jibu lililotokana na wanafunzi waliopita njia hiyo hiyo zamani. Nimelitaja swali la Kiingereza kwanza kwa makusudi. Mtoto wetu anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na wengi wa vijijini nyumbani wanaongea Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Akifika kidato cha kwanza anakuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote kwa Kiingereza. Alama ya somo moja inakuwa imebeba masomo mengine mgongoni. Mti ukiliweka swali hilo juu kabisa, mwalimu anaelewa kwa nini, na anajua pa kuanzia.

Aina ya pili ni kadi ya alama. Nitaitungia mfano hapa. Namba zake ni za kufundishia tu, hazikutoka shule yoyote. Mwanafunzi akiwa chini ya 30 katika Kiingereza anapewa alama 3 za hatari. Akiwa chini ya 30 katika Hisabati, alama 2. Akikosa zaidi ya siku 10 katika muhula, alama 2. Akiwa aliwahi kukariri, alama 1. Jumla ya juu ni 8. Tuseme kumbukumbu zinaonyesha kwamba kati ya wenye alama 0 hadi 2, mmoja katika kila 10 alipata divisheni ziro. Wenye 3 hadi 5, wanne katika 10. Wenye 6 hadi 8, saba katika 10.

Sasa mlete kijana wangu wa Chamwino. Hisabati alikuwa na 24, Kiingereza 41, hakuwahi kukariri, siku alizokosa 14. Anapata 2 za Hisabati na 2 za mahudhurio, jumla 4, na anaangukia kundi la kati. Mwalimu anaishika kadi, anaona mbili zile zimetoka kwenye mahudhurio, anakumbuka maneno ya mzazi. Siku tisa ni za korongo. Zinabaki tano. Alama za hatari zinashuka hadi 2, na kijana anahamia kundi la chini. Kilichobaki kwenye kadi ni Hisabati, na hapo mimi ndiye ninayetakiwa kujitazama.

Wapo watakaosema siku ni siku, kipindi alichokikosa amekikosa hata kama sababu ni maji. Hoja hiyo ina uzito na ningependa ijadiliwe kwenye kikao cha walimu. Pengine siku za korongo zihesabiwe nusu. Pengine dawa yake ni kumpa notisi na vipindi vya ziada mwezi wa tano, wakati mtoro wa kweli anahitaji mazungumzo na mshauri. Nachosisitiza ni kwamba mabishano haya yamewezekana kwa sababu kadi inasomeka. Modeli ingetoa neno "hatari" peke yake, tungebaki tunaliamini au tunalikataa, basi.

Hata sheria fupi kabisa zinaweza kufanya kazi kubwa. Mwaka 2005 Elaine Allensworth na John Easton wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipimo cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari katika shule za umma za mji huo. Kina masharti mawili: awe amefaulu masomo ya kutosha kupanda darasa, na asiwe na F zaidi ya moja ya muhula katika masomo ya msingi. Waliotimiza masharti hayo walikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa wakati zaidi ya mara tatu na nusu ya wasioyatimiza. Kipimo hicho hakikuhitaji mtambo wa ajabu. Mwalimu, mzazi na mwanafunzi mwenyewe wote walikielewa kwa sentensi moja, na shule zikaanza kuwafuatilia watoto wa mwaka wa kwanza mapema, kabla ya kuwapoteza.

Upande wa pili kuna modeli fumbo. Mitandao ya neva, yaani programu zinazoiga kwa mbali seli za ubongo, na misitu inayounganisha mamia ya miti ya maamuzi, hutoa jibu lililopita kwenye hesabu nyingi kiasi kwamba hata aliyeitengeneza hawezi kulifuata kwa kidole. Wataalamu wameunda zana za kuzieleza baadaye: LIME ya mwaka 2016 na SHAP ya mwaka 2017 ndizo zinazotajwa sana. SHAP, kwa mfano, hugawa utabiri wa mwanafunzi mmoja kuonyesha kila kiashiria, yaani kila taarifa kama alama au mahudhurio, kimeusukuma juu au chini kwa kiasi gani. Zana hizo zina manufaa, nami nimezitumia. Lakini maelezo yake ni ya mtu wa tatu: LIME inatunga modeli ndogo inayojaribu kuiga tabia ya ile kubwa, na mwigo unaweza kukosea. Cynthia Rudin wa Chuo Kikuu cha Duke aliandika mwaka 2019 kwamba katika maamuzi yanayogusa maisha ya watu tuache kuzieleza modeli fumbo na badala yake tutumie zinazosomeka tangu mwanzo. Nakubaliana naye, hasa kwa data za shule. Picha na sauti zinahitaji mitambo mizito. Jedwali la alama, mahudhurio na umri halina siri nyingi kiasi hicho, na mara nyingi kadi ya alama iliyotengenezwa kwa uangalifu huikaribia sana modeli fumbo kwa usahihi.

Kusomeka, hata hivyo, hakuifanyi modeli iwe ya haki. Uingereza walilijifunza hilo Agosti 2020. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona, na mamlaka ya mitihani ya England, Ofqual, ikatumia kanuni ya takwimu kukadiria alama za wanafunzi wa ngazi inayolingana na kidato chetu cha sita. Kanuni hiyo iliegemea sana historia ya matokeo ya shule: walimu walipanga wanafunzi kwa mfuatano, kisha mfuatano ukaunganishwa na matokeo ya shule hiyo ya miaka iliyopita. Karibu asilimia 40 ya alama zilishuka chini ya makadirio ya walimu. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo haijawahi kutoa mtu wa kiwango chake alibanwa na historia isiyo yake. Matokeo yalitoka Agosti 13, na Agosti 17 serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu.

Watu wengi huusimulia mkasa huo kama hadithi ya mashine kushindwa. Mimi naona na jambo jingine ndani yake. Ofqual ilichapisha maelezo ya kanuni yake, zaidi ya kurasa 300, na wanatakwimu, waandishi wa habari na wanafunzi wakaweza kuonyesha kwa kidole mahali dhuluma ilipo. Ingekuwa modeli fumbo, wangeandamana wakiwa na hasira lakini bila hoja. Na hebu uihamishe kanuni hiyo hadi shule ya kata ya Bahi au Chemba, tuseme moja ambayo daraja la kwanza halijawahi kuonekana. Kiashiria cha "shule anayosoma" kingemhukumu mtoto kabla hajashika kalamu. Ndiyo maana katika modeli yoyote ya mtu mmoja mmoja, jina la shule ningelitoa.

Nirudi kwenye asilimia, kwa kuwa huko ndiko watu wanakodanganyika. Fikiria darasa la wanafunzi 100 ambalo 20 watafeli. Modeli ya kwanza inasema wote watafaulu. Imepatia 80, yaani asilimia 80, na haijamsaidia mtu hata mmoja. Modeli ya pili inawataja 30 kuwa hatarini. 15 kati yao kweli wangefeli, 15 imewasingizia, na imewakosa watano. Hesabu: 15 imewapatia, na 65 iliowaacha wakafaulu, jumla 80. Asilimia ile ile. Moja haina faida, nyingine imewafikia robo tatu ya wanaohitaji msaada. Anayekuuzia programu akikuambia asilimia moja tu, mwulize: kati ya watakaofeli, inawaona wangapi? Na kati ya inaowataja, wangapi imewasingizia?

Kusingiziwa kuna gharama tofauti kulingana na kinachofuata. Kama anayetajwa anaingizwa kwenye kambi ya kitaaluma jioni, kumwita asiyehitaji kunampotezea saa chache. Kama anayetajwa anashauriwa akariri, au anakaa upande wa "wazito" darasani, kumsingizia ni kumvunja. Modeli ni ile ile, kilichobadilika ni mkono unaoishika.

Kuna tatizo jingine lililojificha kwenye kile tunachotabiri. Matokeo ya kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba bora: A ni pointi 1, F ni 5. Divisheni ya nne inaishia pointi 33, na 34 ni ziro. Fanya hesabu: D mbili na F tano ni 33. D moja na F sita ni 34. D moja tu inawatenganisha. Modeli iliyofundishwa kujibu "ziro au si ziro" inawaona hawa wawili kama mashariki na magharibi, huku yule wa pointi 33 ikimweka kundi moja na mwenye pointi 7. Ni afadhali kutabiri somo kwa somo, kwa sababu hakuna mwalimu anayefundisha divisheni. Tunafundisha Fizikia, tunafundisha Kiswahili.

Halafu kuna lile la kuchukulia kila kinachoambatana kuwa ni sababu. Tuseme modeli inaonyesha kwamba wanaokula chakula cha mchana shuleni wanafaulu zaidi. Je, ni chakula? Huenda, mtoto aliyetembea kilomita sita asubuhi na hajala mpaka saa kumi anasikia nini cha Kemia? Lakini pia mahali ambapo chakula kinatokana na mahindi na maharage yanayochangwa na wazazi, anayekula ni yule ambaye kwao kulikuwa na mavuno. Modeli haiwezi kutofautisha tumbo lililoshiba na ghala lililojaa. Binafsi ningewalisha wote bila kusubiri takwimu, ila nisingesema modeli ndiyo imenithibitishia.

Modeli pia huzeeka. Ada ya shule za umma hadi kidato cha nne ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa yalijaa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Novemba 2021 wasichana waliopata ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni. Modeli iliyojifunza kwa wanafunzi wa kabla ya mabadiliko hayo haimjui mama kijana anayekuja asubuhi akiwa amemwacha mtoto kwa bibi. Itamsoma kama mtu aliyeacha shule tu. Na hapa Jijini, tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka huo huo wa 2016, madarasa yamekuwa yakipokea wahamiaji katikati ya mwaka. Mwanafunzi anafika na barua ya uhamisho, historia yake ya mahudhurio imebaki alikotoka. Nafasi hizo tupu kwenye jedwali zikijazwa sifuri, kompyuta itaamini hakuwahi kukosa siku hata moja. Zikijazwa wastani wa darasa, itaamini ni kama wengine. Mtu lazima aamue, na aandike alivyoamua.

Kuhusu nani aone orodha hiyo, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Alama za mtoto, umaskini wa kwao na afya yake si vitu vya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kwangu mimi, orodha ya walio hatarini iishie kwa mwalimu wa taaluma, mwalimu wa darasa, na mzazi wa mtoto husika.

Shule isidhani inahitaji mtambo wa gharama. Kadi ya mistari minne inaweza kutengenezwa kwa Excel na mtu mwenye subira, au kwa msaada wa wanafunzi wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaotafuta data za kufanyia utafiti. Kazi nzito iko kwenye daftari. Kama mahudhurio yalijazwa yote kwa pamoja Ijumaa jioni kwa kukumbuka, hakuna modeli itakayoyafufua.

Baada ya yule mzee kuondoka na baiskeli yake, nilipiga mstari kwenye daftari langu la darasa, safu mpya pembeni ya ile ya kutokuwepo. Kila asubuhi aliyekosa jana akirudi, nilimwuliza sababu kabla ya kumwuliza kazi ya nyumbani. Niliandika U kwa ugonjwa, S kwa shamba, M kwa mifugo, K kwa korongo. Mwezi wa tatu ulipoisha nililipeleka daftari kwa mwalimu wa taaluma. Akazifuata herufi za K kwa kidole, akaona zote zimeangukia watoto wa vitongoji viwili vya ng'ambo, akachukua simu akampigia mwenyekiti wa kijiji.